Mwalimu wa maternele naye alipwe

Wandugu wakaaji wa Lumumba, wazazi, vijana wenzetu,

Mwaka 2019 serikali ilianzisha masomo ya bure katika shule za msingi. Tulifurahi. Lakini maternele ilibaki inje: walimu wengi wanangojea pesa ya wazazi. Na hapa Ituri, muzazi mwenye alikimbia vita na kuacha shamba atalipa na nini?

Mwalimu huyo anapokea mutoto wa miaka 3 mwenye alisikia masasi. Anamutuliza, anamufundisha. Kazi hiyo inaomba ufundi, si upendo tu.

Siye tunaomba serikali mambo 3: iwaandike, iwape mafunzo, iwalipe kila mwezi.

Mukono mutupu haulambwi, na tumbo tupu halilei mutoto.