Kabla ya Vifaranga, Tugeuze Mawe: Mazungumzo ya Juni Kuhusu Trauti

Haya ni maneno ya afisa wa habari wa kaunti mbele ya wakazi wa kando ya mto Gura, Nyeri, mwanzoni mwa Juni. Yamechapishwa kwa ombi la waliohudhuria.



Niseme mapema kwamba mimi si mtaalamu wa samaki. Nilisomea uandishi wa habari, na kazi yangu ni kuwaeleza wakazi yale serikali yao ya kaunti inayofanya. Afisa wa uvuvi ameketi mstari wa mbele, na nikiteleza atanisahihisha hadharani, jinsi alivyonionya njiani tukija. Lakini barua ya vijana wa hapa ilipita mezani kwangu, nami nikaisoma mara mbili. Mnaomba kaunti ilete vifaranga vya trauti vimwagwe mtoni, ili wageni wenye fimbo za kuvulia warudi, nanyi mpate kazi ya kuwaongoza, kuwapikia na kuwalaza. Ombi lenu ni la haki kabisa. Nimekuja kuwaeleza kwa nini naona liwe la pili, na lipi liwe la kwanza.

Trauti ni mgeni hapa. Wazee wanajua. Mwaka 1905 mlowezi Ewart Grogan alileta trauti kahawia kutoka Uskoti, wakawekwa katika huu huu mto Gura. Trauti wa upinde, yule mwenye mstari wa waridi ubavuni, alifika mwaka 1910 kupitia Afrika Kusini. Asili yake ni mbali zaidi: ni mito ya magharibi mwa Amerika Kaskazini inayoteremkia bahari ya Pasifiki. Kwa hiyo mtu akitaka kujua samaki huyu anataka nini, anaweza kuuliza watu wa magharibi ya Marekani, ambao wamemvua, wamemharibia maji, na wamemtengenezea tena, kwa zaidi ya miaka mia moja.

Guka wangu aliwabebea wavuvi mizigo katika mito hii, kutoka hapa hadi Chania. Alikuwa akisema kwamba mzungu mwenye fimbo anatupa uzi siku nzima na ndoano haina hata mnyoo. Tulicheka, tukidhani anatania. Baadaye nilielewa. Katika uvuvi huu chambo ni nzi bandia: manyoya kidogo, uzi kidogo, vimefungwa juu ya ndoano ndogo mpaka vikafanana na mdudu. Hana uzito wowote. Ukimtupa kwa mkono ataanguka miguuni pako. Kinachombeba ni mshipi wenyewe, ambao ni mnene na mzito, na mvuvi anaurusha nyuma na mbele kama mchungaji anayepasua mjeledi, ila polepole, hadi unyooke hewani na kumshusha nzi juu ya maji bila kishindo. Mwisho wa mshipi huo kuna uzi mwembamba usioonekana, na hapo ndipo nzi anapofungwa.

Kutupa si kazi ngumu. Kijana mwepesi atajifunza kwa siku mbili tatu. Kazi ngumu ni kujua mdudu gani anatoka leo, na samaki yuko wapi akimngoja. Trauti hukaa ameelekeza kichwa mkondo unakotoka, nyuma ya jiwe au kando ya ukingo, mahali ambapo hatumii nguvu nyingi na chakula kinamjia chenyewe. Ndiyo maana mvuvi humwendea kutoka nyuma, akipanda na mto. Nzi naye lazima aelee kwa mwendo ule ule wa maji. Mshipi ukimvuta hata kidogo, akaacha mkwaruzo juu ya maji, samaki anajua huyo si mdudu, na hatapanda.

Sasa twende Montana kidogo, kisha tutarudi. Kuna mto huko unaitwa Madison. Unaanzia katika mbuga ya Yellowstone, pale mito Firehole na Gibbon inapokutana, na mwishoni unajiunga na mingine miwili kufanya mto Missouri. Mwezi Mei na mwanzo wa Juni theluji ya milimani inayeyuka, maji yanakuja mengi na machafu, kama Gura yetu mwezi wa Aprili. Kisha majira ya joto yanapoanza, maji yanapungua na kusafika. Wakati huo ndipo mdudu mmoja mkubwa anapotoka, mwenye urefu wa kama sentimita tano, tumbo la rangi ya chungwa, mabawa manne. Ameishi chini ya mawe miaka mitatu au minne akiwa hana mabawa. Siku ikifika anatambaa hadi ukingoni, anapanda kwenye kichaka, anapasua ngozi yake ya zamani na kuruka. Majike yanarudi juu ya mto kutaga. Upepo ukivuma, wanaanguka majini, na trauti wakubwa ambao mwaka mzima hawapandi juu wanasahau hofu yao.

Wavuvi husafiri kutoka pande zote kwa ajili ya juma hilo moja au mawili. Kutoka huko hakutokei mto mzima kwa siku moja, bali kunapanda polepole kuelekea chanzo, maji yanavyopata joto. Anayeongoza wageni hupata riziki yake kwa kujua leo wamefika daraja lipi. Kabla hawajatoka, anamfunga nzi mweusi mzito na kumburuta chini karibu na ukingo, kwa maana huko ndiko wadudu wanakoelekea kwa miguu. Wakishatoka, anamfunga yule anayeelea, na kumtupa karibu sana na matawi ya ukingoni. Samaki akipanda, mgeni hutetemeka na kuvuta upesi mno, akamnyang'anya nzi mdomoni. Kiongozi humwambia, ngoja afunge mdomo kwanza.

Nimekaa juu ya mdudu huyu kwa sababu. Ametumia miaka mitatu au zaidi chini ya jiwe. Kama katika miaka hiyo kungetokea usiku mmoja wa sumu, au msimu mmoja wa tope lililoziba nafasi kati ya mawe, asingekuwapo. Wageni nao wasingekuja. Biashara yote ya uvuvi ya bonde lile, hoteli, magari, maduka ya ndoano, imejengwa juu ya mdudu anayehitaji mawe safi.

Na hapa ndipo penye habari inayotuhusu. Kwa miaka mingi serikali ya Montana ilikuwa ikimwaga samaki wa kufugwa katika mito yake, kama mnavyoomba. Watu walipenda, lori likija, kila mtu anaona kazi inafanyika. Kisha mtaalamu wao wa samaki, Dick Vincent, akahesabu samaki katika Madison na katika kijito kiitwacho O'Dell, mahali palipomwagwa na mahali pasipomwagwa. Alikuta kwamba palipomwagwa samaki wa kufugwa, wale waliozaliwa mtoni walipungua. Umwagaji uliposimamishwa, wakaongezeka sana. Kulikuwa na kelele nyingi, lakini mwaka 1974 jimbo likaacha kumwaga samaki katika mito yenye trauti wanaozaana wenyewe, fedha na bidii zikaelekezwa kwenye maji na kingo. Miaka hamsini imepita na Madison bado una wageni.

Sitawaficha upande wa pili. Mwaka 1994 waligundua katika Madison ugonjwa wa kimelea kinachowafanya trauti wachanga kuzunguka kama pia, na katika sehemu za juu za mto trauti wa upinde wakapungua kwa karibu asilimia 90. Kimelea hicho kilitoka Ulaya, na kilisambaa Marekani kwa kusafirisha samaki huku na huko. Ili kiishi kinahitaji mnyoo mdogo anayependa tope laini. Samaki waliosafirishwa bila kukaguliwa, na tope. Kumbukeni vitu hivyo viwili mtu akija kuwauzia vifaranga kwa bei ya kutupa.

Nirudi nyumbani sasa, kwa jambo ambalo sijivunii. Kabla sijaajiriwa hapa nilikuwa mwandishi wa gazeti, na siku moja nilitumwa katika kaunti nyingine kuripoti umwagaji wa vifaranga. Kulikuwa na hema, viti vya plastiki, hotuba, na picha ya kiongozi akiinamisha ndoo. Niliandika idadi ya vifaranga katika sentensi ya kwanza, nikaitwa ofisini kupongezwa. Miezi sita baadaye nilipita pale kwa shughuli nyingine, nikashuka mtoni. Maji yalikuwa rangi ya chai ya maziwa. Juu kidogo, shamba la viazi lililimwa hadi majini, na kijana mmoja alikuwa akisuuza pampu ya kunyunyizia dawa pale pale. Nilimuuliza kuhusu samaki. Akasema aliwaona juma lile la kwanza. Habari hiyo ya pili sikuiandika kamwe. Haikuwa na picha nzuri, na hakuna aliyenituma.

Trauti anataka maji baridi, yenye hewa nyingi, na changarawe safi. Jike huchimba kijishimo katika changarawe, hutaga, na kuyafunika mayai. Mayai hupumua kwa maji yanayopita katikati ya vijiwe. Tope likitua juu yake yanakufa pale pale. Mto wenye changarawe safi hauhitaji lori la vifaranga kila mwaka, maana samaki watajaza wenyewe. Mto uliojaa tope utakula vifaranga vya kila lori mtakaloleta.

Basi ombi la kwanza liwe gani? Kwanza kingo. Sheria ya maji inatutaka tuache kati ya mita 6 na 30 kila upande, kulingana na upana wa mto, bila kulima wala kujenga. Nimetembea asubuhi hii kutoka darajani hadi kwenye kile kiwanda cha kahawa, na sikuhitaji futi kupima. Kuna mahali viazi vikuu vimening'inia juu ya maji. Najua mama zetu mnasema nini kimoyomoyo: shamba langu ni nusu ekari, nikitoa mita hizo nitalima wapi? Swali hilo ni la kweli na sina jibu la kulimaliza. Ila nyasi za ng'ombe zinaweza kukaa ukingoni bila jembe kuingia, na tope halitashuka kama linavyoshuka kwenye viazi. Mikaratusi ndiyo iondoke.

Pili, pampu za dawa. Zisuuzwe shambani, mbali na maji. Dawa inayoua wadudu wa nyanya haichagui; inaua pia wale wa chini ya mawe, na unaweza usione samaki hata mmoja akielea, lakini mezani pake hakuna kitu tena. Wale wanaovua kwa kumwaga dawa ya kuogeshea ng'ombe, mnajulikana, na chifu ananitazama kwa hiyo nitaishia hapo.

Tatu, mifereji ya kiangazi. Montana, maji yakifikia nyuzi 23 siku tatu mfululizo, uvuvi unaweza kufungwa kuanzia saa nane mchana hadi usiku wa manane, kwa sababu maji ya moto hayana hewa na samaki aliyechoka hapumui. Sisi ukame wetu ni Februari. Chama cha watumiaji maji kinapogawa zamu za kunyunyiza, mto nao uhesabiwe kama mtu mmoja mwenye zamu.

Mkiniuliza tutajuaje kama mto umekuwa tayari kwa vifaranga, au kama hauvihitaji kabisa, hatuhitaji mashine. Tunageuza mawe. Jiwe lenye ukubwa wa sahani, kutoka mahali maji yanapokimbia. Ukikuta chini yake wadudu bapa wenye mikia miwili au mitatu wanaokimbia kujificha, na wengine waliojijengea nyumba za chembe za mchanga, hapo kuna chakula na kuna hewa. Ukikuta utelezi na funza wembamba wekundu peke yao, usilete samaki. Mvuvi wa nzi bandia huanza siku yake hivyo hivyo, kwa kugeuza jiwe, ndipo afungue kisanduku chake kuchagua nzi. Kwa hiyo vijana, hii ndiyo kazi yenyewe mnayoitaka. Mgeni atawalipa kwa kujua kilicho chini ya jiwe.

Na Juni ndiyo wakati. Mvua ya masika imeisha, maji yanaanza kuonyesha mawe. Afisa wa uvuvi amekubali kuja Jumamosi, atawaeleza pia juu ya leseni, maana kuvua trauti bila leseni ni kosa, na ndani ya mbuga ya Aberdare kuna ruhusa yake tofauti. Tutaanza darajani saa moja asubuhi na kupanda hadi kiwandani, tukisimama mahali kumi, na mwalimu wa sayansi wa shule ya hapa ameahidi kuandika tutakachokuta. Njooni na viatu vya mpira, na kila kikundi kilete beseni jeupe. Jeusi halifai, wadudu hawaonekani.