Haki ya Kujenga Mlimani: Kibali, Jirani na Mteremko katika Mwanda



Ada ya mihadhara ya namna hii ni kuzungumzia mambo makubwa ya dola na uchumi, walakini mimi nimekhiari jambo ambalo wengi hulihesabu kuwa dogo, nalo ni hili: mtu mwenye nyumba yake katika vilima vya Taita, juu ya ardhi aliyoirithi kwa baba yake, akitaka kuongeza chumba kwa ajili ya mwanawe aliyeoa, au kulihamisha jiko, au kujenga vyumba viwili vya kupangisha walimu wa shule ya jirani, ni nani mwenye haki ya kumkubalia au kumkatalia, na kwa kipimo gani? Sheria ya nchi imekwisha kutoa jawabu lake. Ninalodai ni kwamba jawabu hilo lilitungwa kwa ajili ya nchi tambarare, na kwamba Mwanda, iliyo katika vilima hivyo, inastahili jawabu lililotungwa na watu walioupanda mteremko wake kwa miguu.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 66, imeipa dola mamlaka ya kusimamia matumizi ya ardhi yoyote kwa ajili ya usalama, afya ya umma na mipango, na Jedwali la Nne likaikabidhi kaunti kazi hiyo ya mipango. Kisha ikaja Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019, ambayo imekataza mtu yeyote kuanza ujenzi pasi na ruhusa ya kaunti, na mwenye kukaidi, akipatikana na hatia, hutozwa faini isiyozidi shilingi 500,000, au hufungwa kwa muda usiozidi miezi 2, au hupewa adhabu zote mbili. Maana ya ujenzi katika sheria hiyo ni pana mno, kwa kuwa inaingiza kazi yoyote inayofanywa juu ya ardhi pamoja na kila badiliko kubwa la matumizi ya jengo. Sheria ya mwaka 1996 iliyotangulia ilikuwa na huruma kidogo kwa mwenye nyumba, maana nyongeza isiyozidi asilimia 10 ya sakafu haikuhesabiwa kuwa ujenzi wa kuombewa ruhusa.

Ili tuelewe kwa nini kanuni hizi hazimtambui mtu wa mlimani, yatupasa kutazama nasaba ya kanuni zenyewe. Mwaka 1902 tauni iliingia Nairobi, na serikali ikauteketeza kwa moto mtaa wa maduka ya Wahindi; mwaka 1913 Profesa Simpson, mtaalamu wa afya, akashauri kila taifa la watu litengewe sehemu yake ya mji; na kutokana na khofu ya maradhi iliyochanganyika na ubaguzi wa rangi ndipo mipango ya miji ya nchi hii ilipopata mwelekeo wake wa kwanza. Ubaguzi uliondolewa katika maandishi, lakini umbo likabaki: ploti ya pembe nne, barabara mbele yake, umbali maalumu kutoka mpakani, na mhandisi mwenye muhuri. Katika Mwanda ploti huwa kitanga kilichochongwa ubavuni mwa kilima, barabara ni njia ya miguu inayopita katikati ya mahindi ya watu wanne, na jirani hayuko kulia wala kushoto, bali yuko juu yako na chini yako.

Nami naomba tusisahau kwamba maneno haya, matumizi ya ardhi, huingia katika masikio ya Wataita yakiwa na kumbukumbu nyuma yake. Kaunti yetu ya Taita Taveta ina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 17,000, na karibu asilimia 62 yake ni mbuga za Tsavo, zilizotengwa mwaka 1948. Katika sehemu iliyosalia yamo mashamba ya katani na maranchi, na watu, ambao sensa ya mwaka 2019 iliwahesabu kuwa 340,671, wengi wao wamesongamana palipo na mvua, yaani vilimani na pembezoni mwa vilima. Chama cha Taita Hills Association, ambacho Woresha Mengo alikuwa miongoni mwa viongozi wake, kilizaliwa kwa sababu ya ardhi iliyochukuliwa, na mwaka 1940 serikali ya kikoloni ikakipiga marufuku. Basi afisa wa mipango afikapo na ramani chini ya kwapa, mzee anayemtazama kutoka barazani anaona zaidi ya afisa mmoja, na si haki kumlaumu.

Wala si kweli kwamba kabla ya ramani hizo kila mtu alijijengea apendavyo. Wazee walikuwa na vipande vya ardhi mahali mbalimbali, kimoja karibu na kilele na kingine chini kwenye joto, ili ukame ukiharibu hiki, kile kisalimike. Mifereji ya kunyweshea mashamba iligawanywa kwa zamu, na mwenye kuvunja zamu aliulizwa na wenziwe. Misitu mitakatifu ya fighi haikuguswa kwa shoka. Na kichuku, yaani ukoo, kilikuwa na kauli juu ya nani ajenge wapi. Baada ya sheria ya mwaka 1968 ya kuamua haki za ardhi, vipande vikaandikishwa kwa majina ya watu binafsi, nayo mirathi ikaendelea kuvigawa, hata leo nyumba ya ndugu mmoja inadondosha mchirizi wake juu ya shamba la mwenziwe.

Hapo kwenye mchirizi ndipo penye kiini cha mas'ala yote, nami nitakaa hapo kidogo. Niliona boma moja Mwanda ambalo mwenyewe alikuwa ameongeza vyumba viwili vya matofali, vizuri, vya kupendeza, vikaezekwa kwa mabati mapya. Upande wa juu alichimba kilima kwa sururu mpaka ukatokea ukuta wa udongo mwekundu uliosimama wima kupita kimo cha mtu, na ule udongo uliochimbwa akaumwaga upande wa chini na kuusawazisha uwe uwanja. Hakuweka gata wala tangi. Sasa tupige hesabu. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Paa la mita za mraba 60, mvua ikinyesha milimita 50 usiku mmoja, humwaga lita 3,000. Maji hayo kabla ya ujenzi yalikuwa yakinywewa na majani na mizizi ya migomba. Sasa yanaanguka kwa mstari mmoja juu ya udongo mpya uliolegea, ambao chini yake, hatua chache tu, pana jiko la jirani. Ramani ya jengo hilo ingeweza kuwa sahihi katika kila kipimo cha madirisha na urefu wa dari, na bado isiseme lolote juu ya lita hizo 3,000.

Kanuni za matumizi ya ardhi ya kilimo za mwaka 1965 zilikataza kulima penye mteremko unaozidi asilimia 35, yaani mahali ambapo kila mita 100 za kwenda mbele hupanda mita 35. Zilikuwa kanuni za busara, lakini zilisema juu ya jembe, ilhali leo sururu ya fundi hukata kilima kwa kina ambacho jembe halijapata kukifikia.

Na kuna jambo jingine katika sheria ya 2019 linalonitia wasiwasi zaidi kuliko faini. Mwombaji asipopata jibu la maandishi katika siku 60, ruhusa huhesabiwa kuwa imetolewa. Nakiri uadilifu wa shabaha yake, kwani raia asifanywe mateka wa faili lililolala mezani. Mjini Voi, mahali tambarare, kimya cha ofisi huenda kisimdhuru mtu. Lakini Mwanda, kimya hicho kinaweza kuwa ndicho kilichoyaruhusu maji kumwingilia mtu asiyepata kuulizwa hata mara moja.

Kwingineko pwani tunao mfano wa kanuni zilizoanza kwa kupatazama mahali penyewe. Mji wa Lamu, uliotiwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, ulichunguzwa na Usam Ghaidan katika miaka ya 1970, kisha Francesco Siravo na Ann Pulver wakatoa mpango wao wa uhifadhi mwaka 1986. Na wote hao walitembea vichochoroni, wakazitazama nyumba na madaka yake, ndipo wakashauri. Mwenye nyumba wa Lamu hulalamika, naye ana haki ya kulalamika, lakini anazuiwa kwa ajili ya kitu kilichopo mbele ya macho yake.

Mwanda haihitaji uhifadhi wa namna ya Lamu. Inahitaji mpango wake wa mahali, ambao sheria ya 2019 inauruhusu, utakaotaja bayana mambo ya mlimani: kina cha kukata kilima pasipo ukuta wa mawe, tangi au mfereji kwa kila paa jipya, njia za miguu zisizofungwa, na umbali wa kuacha kando ya vijito. Nyongeza ndogo isiyokata kilima na yenye pa kupeleka maji yake isamehewe ada na ramani ya mhandisi, kwa kuwa kumdai mama mwenye kuongeza jiko gharama inayokaribia bei ya jiko lenyewe ni kumfundisha kujenga usiku. Kwa nyongeza kubwa, wasikilizwe kwanza jirani wa juu na jirani wa chini, mbele ya afisa aliyefika mahali penyewe.

Wapo watakaosema kwamba nawakabidhi watu ugomvi wa koo zao, na hoja hii siidharau. Nimepata kusikia ya mjane aliyenyimwa ridhaa ya kujenga na mashemeji zake, ambao hawakuwa na neno juu ya maji, ila walikuwa na tamaa ya shamba. Kwa hiyo jirani apewe haki ya kusema, asipewe haki ya kukataa. Uamuzi ubaki kwa kaunti, uandikwe kwa Kiswahili pamoja na sababu zake, na asiyeridhika apeleke rufaa katika siku 14 kwa kamati ya kaunti ya maafikiano, kisha, ikibidi, kwenye Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Mjane huyo hawezi kushuka na kupanda vilima kila juma kuulizia faili lake. Afisa wa mipango awekewe siku maalumu ya kukaa Mwanda, siku ya soko ikiwezekana, awe na kamba ya kupimia na viatu vya kupandia mlima, na siku 60 za sheria zihesabiwe tangu siku ile aliposimama juu ya mteremko kwa miguu yake. Na kama sheria ya taifa hairuhusu hesabu hiyo, basi wabunge wetu waipeleke Nairobi ikarekebishwe.