Haki ya Kujua Kilichomo Chakulani



Mwezi Julai 2013, katika kijiji cha Gandaman, jimbo la Bihar nchini India, watoto 23 walifariki dunia baada ya kula chakula cha mchana shuleni. Maabara iligundua kwamba mafuta ya kupikia yalikuwa na monokrotofosi, dawa ya kuua wadudu wa mazao. Jibu hilo lilikuwa sahihi, lakini lilichelewa. Yatupasa kujiuliza: je, mnyonge aweza kuujua ukweli kabla ya kula?

Wanasayansi wamebuni vihisi vyenye chembe za dhahabu zinazopimwa kwa nanomita, yaani sehemu moja ya milioni ya milimita. Chembe hizo zikitawanyika majini, maji huwa mekundu. Zikishikamana, hugeuka buluu. Humo hutiwa kimeng'enya kama kile kilichomo katika mishipa yetu ya fahamu, pamoja na kemikali ambayo kimeng'enya hicho huivunja. Kikiwa kizima, kinachotokana na uvunjaji huo huzishikamanisha chembe, na rangi ya buluu hutokea. Lakini dawa za jamii ya monokrotofosi hukizuia kisifanye kazi, kama zifanyavyo mwilini, na wekundu hubaki. Hapo wekundu ni onyo, na jicho latosha kuuona.

Hata hivyo, tusikitukuze kihisi kupita kiasi. Hakitaji jina la dawa. Metali nzito nazo zaweza kukizuia kimeng'enya. Na sumu zisizokigusa hupita bila kuonekana. Umoja wa Ulaya unaruhusu mikrogramu 0.1 tu ya kiuatilifu kimoja katika lita moja ya maji ya kunywa. Kwa kiasi kidogo hivyo, neno la mwisho ni la maabara. Kihisi ni shahidi, si hakimu.

Wala ushahidi huo usimwangukie mkulima mdogo peke yake. Yeye ndiye wa kwanza kuvuta sumu hiyo, mara nyingi bila glavu wala maelezo katika lugha aijuayo. Anayeitengeneza na anayeiuza naye aulizwe.

Basi tuanze na yaliyo mikononi mwetu. Chombo kilichowekwa dawa kisitiwe mafuta wala maji kamwe. Siku za kungoja kati ya kunyunyizia na kuvuna ziheshimiwe. Nasi tudai maji ya visima vyetu yapimwe, na matokeo yasomwe hadharani, kwa maana anayekunywa ndiye mwenye haki ya kwanza ya kujua.