Ubia kati ya Serikali na Sekta Binafsi: Nani Abebe Hasara?

Mada iliyowasilishwa kwa wakazi katika mkutano wa kata



Neno ubia si geni vijijini. Mtu mmoja ana mashine ya kusaga, mwingine ana banda lenye umeme na kijana wa kuiendesha. Wanakubaliana kugawana mapato, na kwa miezi ya mwanzo mambo huwa shwari. Ubia wa namna hiyo huvunjika mara chache kwa sababu ya faida. Huvunjika siku mkanda unapokatika au mota inapoungua, kila mmoja akamtazama mwenzake, kwa kuwa hawakusemezana mapema nani atatoa fedha ya matengenezo.

Ubia kati ya sekta ya umma na sekta binafsi una tabia hiyohiyo, ila kwa kipimo kikubwa zaidi. Serikali ina wajibu wa kuwapatia wananchi huduma: maji, barabara, soko, stendi, hospitali. Mbia binafsi huleta mtaji, utaalamu, au vyote viwili. Hujenga au huendesha kwa muda uliotajwa katika mkataba, na muda huo ukiisha, mali hubaki kwa umma. Kwa hiyo ubia si ubinafsishaji, kwa kuwa mali haiuzwi. Si ukandarasi wa kawaida pia, kwa kuwa mkandarasi hujenga, hulipwa na kuondoka, ilhali mbia hubaki miaka 10, 20 au zaidi akirudisha fedha zake pamoja na faida. Wala si msaada. Fedha ya mbia lazima irudi, nayo ina njia mbili tu za kurudi: mfuko wa anayetumia huduma, kwa tozo, kodi ya pango au ankara, au mfuko wa Serikali, yaani kodi ya wananchi wote. Mfuko wa tatu haupo.

Sera ilivyokua

Tanzania haikungoja sera ndipo ianze ubia. Mahali ambapo Serikali haikuwa na hospitali ya wilaya, iliiteua hospitali ya kanisa iliyokuwapo ifanye kazi hiyo, nayo ikachangia gharama za uendeshaji pamoja na mishahara. Ndiyo asili ya jina Hospitali Teule, na wakazi wa Muheza mkoani Tanga wameizoea yao kwa jina la Teule tu. Mwaka 1992 Serikali na makanisa walitiliana saini hati ya maelewano kuhusu huduma za afya na elimu, na mwaka huohuo ikaundwa Tume ya Kikristo ya Huduma za Jamii.

Sera ya Taifa ya Ubia ilitolewa mwaka 2009, ikafuatiwa na Sheria ya mwaka 2010, ambayo ni Sura ya 103 ya Sheria za Tanzania. Sheria hiyo imerekebishwa mwaka 2014, 2018 na 2023. Marekebisho ya 2014 yaliunda Kituo cha Ubia mahali pa vitengo viwili vilivyokuwa katika ofisi tofauti. Ya 2018 yalielekeza migogoro ya mikataba isuluhishwe ndani ya nchi, na ya 2023 yakafungua tena mlango wa usuluhishi wa kimataifa. Sheria inayorudiwa mara nyingi hivyo ni dalili ya taifa linaloendelea kujifunza, na baadhi ya masomo hayo yamelipiwa ada kubwa.

Masomo matatu

Somo la kwanza ni la maji ya Dar es Salaam. Mwaka 2003 uendeshaji wa huduma ya maji jijini ulikabidhiwa kwa kampuni ya City Water, iliyoundwa na Biwater ya Uingereza, Gauff ya Ujerumani na mshirika wa Kitanzania, kwa mkataba wa miaka 10. Kampuni tatu zilipita mchujo wa awali wa zabuni, lakini ni moja tu iliyowasilisha zabuni. Mahesabu ya zabuni hiyo hayakulingana na hali halisi: makusanyo ya ankara hayakufikia matarajio, na kampuni ikataka bei zipitiwe upya. Mei 2005, kabla ya miaka miwili kutimia, Serikali ilivunja mkataba. Shauri lilifika kwenye kituo cha kimataifa cha usuluhishi wa migogoro ya uwekezaji, ambacho mwaka 2008 kiliamua kwamba Tanzania ilikiuka baadhi ya wajibu wake kwa namna ilivyochukua hatua, lakini kampuni haikustahili fidia, kwa kuwa biashara yake ilikuwa imekwisha kupoteza thamani. Nchi haikulipa fidia hiyo, ila mkazi wa Dar es Salaam alipoteza miaka akisubiri maji. Funzo liko wazi: zabuni yenye mshindani mmoja haina wa kulinganishwa naye, na bei nzuri ya karatasini huweza kuwa ghali kuliko zote.

Somo la pili ni la umeme. Mwaka 1995, nchi ikiwa na upungufu mkubwa wa umeme, ulisainiwa mkataba wa miaka 20 na kampuni ya IPTL kwa ajili ya mtambo wa megawati 100 huko Tegeta. Mkataba ulilitaka shirika la TANESCO lilipie uwezo wa mtambo kila mwezi, umeme wake utumike au usitumike. Baada ya mvutano kuhusu gharama, mtambo ulianza kuzalisha mwaka 2002. Hapa hatari ya umeme kukosa matumizi haikumwangukia mwenye mtambo. Ilimwangukia mnunuzi, ambaye ni shirika la umma. Funzo lake ni kwamba mkataba uliotiwa saini wakati wa dhiki hubaki ukidai hata dhiki ikishapita.

Somo la tatu ni la taka. Mwaka 1994 Jiji la Dar es Salaam lilianza kuikabidhi kampuni binafsi kazi ya kuzoa taka katika kata za katikati ya mji. Baadaye kazi hiyo iligawanywa kwa kampuni nyingi zaidi na vikundi vya wananchi, kila kimoja na eneo lake, vikikusanya ada kutoka nyumba hadi nyumba. Mahali ambapo wakazi walilipa, taka zilizolewa. Mahali ambapo kipato ni kidogo na njia ni nyembamba, makusanyo yalikuwa haba na mzoaji akakosa sababu ya kwenda huko. Funzo hili ndilo lililo karibu zaidi na maisha ya kata: mbia hufuata mapato. Mkataba usipomlazimisha kufika kwa asiye na uwezo, na usiposema nani atafidia tofauti, huduma itaishia barabara ya lami inapoishia.

Mfano wa soko

Ili jambo hili lionekane kwa macho, uchukuliwe mfano wa kubuni. Halmashauri yenye eneo zuri lakini isiyo na fedha inaingia ubia na mwekezaji ajenge soko lenye vyumba 120. Kodi ya chumba inapangwa kuwa shilingi 50,000 kwa mwezi. Vyumba vyote vikijaa, makusanyo ni shilingi milioni 6 kwa mwezi, sawa na milioni 72 kwa mwaka. Mchoro unapendeza, na hesabu inapendeza.

Sasa ichukuliwe kwamba wafanyabiashara waliozoea kulipa ushuru mdogo wa kila siku wameona kodi hiyo ni kubwa, wakahamia kandokando ya barabara. Nusu ya vyumba inabaki mitupu, na milioni 36 zinakosekana kila mwaka. Kama mkataba unasema mbia ndiye abebaye hatari ya vyumba kukosa wapangaji, atapunguza kodi, atatengeneza choo, ataongeza taa, atafanya kila linalowezekana wateja warudi. Lakini kama kipengele kimoja, pengine katika ukurasa ambao hakuna aliyeusoma kwa sauti, kinaihakikishia kampuni mapato ya vyumba vyote, milioni 36 hizo zitatoka katika mapato ya ndani ya halmashauri. Hayo ndiyo mapato yanayomalizia boma la zahanati na darasa lililokwama kwenye lenta. Jengo ni lilelile na mwekezaji ni yuleyule. Tofauti yote imo katika sentensi moja.

Hapo ndipo penye kiini cha sera nzuri ya ubia. Kazi yake si kuwapenda wawekezaji wala kuwaogopa. Kazi yake ni kuhakikisha kila hatari inabebwa na yule awezaye kuizuia. Ujenzi ukichelewa, abebe mjenzi. Mitambo ikiharibika, abebe mwendeshaji. Serikali ikibadili sheria au ikichelewa kukabidhi ardhi, ibebe Serikali. Hatari ambayo hakuna awezaye kuizuia, kama mafuriko, igawanywe au ikatiwe bima. Na dhamana yoyote ambayo umma umeitoa ihesabiwe kama deni tangu siku ya kwanza, hata kama bado haijadaiwa. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Maswali ya kuulizwa kabla ya saini

Baada ya saini, mlango wa kurekebisha ni mwembamba na gharama yake ni kubwa. Wakati wa mkazi kusema ni mapema, mradi ungali katika upembuzi yakinifu. Maswali yafuatayo hayahitaji elimu ya sheria:

1. Je, halmashauri ingeweza kuujenga mradi huu yenyewe, kwa mkopo au kwa awamu, kwa gharama ndogo kuliko ubia?
2. Wazo limetoka wapi? Kama limeletwa na mwekezaji mwenyewe, je, wengine wamepewa nafasi ya kushindana naye?
3. Nani atapanga tozo au kodi, na itapandishwa kwa utaratibu gani?
4. Wanaofanya biashara mahali hapo leo watakwenda wapi wakati wa ujenzi, na je, watatangulizwa kupewa nafasi mradi ukikamilika?
5. Wateja wakipungua, nani hupata hasara?
6. Mbia akishindwa kazi, huduma itaendelea kwa mkono wa nani siku inayofuata?
7. Siku ya kukabidhi, mali itarudi ikiwa katika hali gani, na nani ataikagua?

Mahali pa kuuliza papo. Upo mkutano mkuu wa kijiji, ambao kwa taratibu za serikali za mitaa hukutana kila baada ya miezi mitatu. Ipo Kamati ya Maendeleo ya Kata, chini ya uenyekiti wa diwani. Kipo kikao cha Baraza la Madiwani, ambacho mwananchi anaweza kuhudhuria na kusikiliza. Ipo Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, inayompa raia haki ya kuomba taarifa zilizo mikononi mwa taasisi za umma. Na ipo ripoti ya kila mwaka ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, inayokagua hesabu za halmashauri zote.

Wapo watakaosema kwamba maswali mengi humkimbiza mwekezaji. Mwekezaji makini hakimbizwi na maswali. Naye anayo yake, na benki yake inayo mengi zaidi. Anachokiogopa ni mkataba utakaozua malalamiko mwaka wa pili na kuvunjwa mwaka wa tatu. Hospitali teule zimedumu miongo mingi kwa sababu kila upande ulijua unachotoa, na mgonjwa aliiona faida yake pale kitandani.

Kwa hiyo, ndugu wananchi, mradi wa ubia utakapoletwa mbele ya kata, michoro na itazamwe, ahadi na zisikilizwe. Kisha mmoja asimame na kuomba kisomwe, kwa Kiswahili na kwa sauti, kile kipengele kinachosema nani atalipa mkanda ukikatika.