Mgeni Wetu wa Boti: Neno la Wanakwaya kwa Mapadri Wetu



Baba Paroko, masista, katekista wetu, viongozi wa jumuiya ndogo ndogo, wanakwaya wa zamani na wa sasa, na majirani zetu wa Ndau mliokuja kula nasi leo: karibuni sana.

Katika jubilei hii ya miaka 25 tumeombwa tuseme neno juu ya mapadri wetu. Tunataka kushukuru, na pia kukiri jambo.

Kwaya yetu na Jimbo la Malindi ni wa rika moja. Jimbo lilianzishwa mwaka 2000 na Papa Yohane Paulo II, likatolewa katika maeneo ya Mombasa na Garissa, na askofu wake wa kwanza akawa Francis Baldacchino, Mkapuchini kutoka Malta. Tangu hapo mapadri wamekuja na kuhamishwa, lakini njia ya kufika kwetu ni ile ile. Kutoka Lamu hungoja maji yajae ndipo boti ipite Mkanda, kisha huipita Pate na Faza, ndipo Ndau ionekane. Wakati wa kaskazi safari huwa nzuri. Wakati wa kusi, padri hufika amelowa, viatu mkononi, vazi la Misa amelifunga vizuri kuliko alivyojifunga mwenyewe.

Sasa tukiri. Mwaka mmoja wa kusi kali, kwaya iligombana juu ya nani awe mwalimu. Jumapili padri alipofika, nusu yetu tulikuwa tumesusa. Aliyekuwa na ufunguo hakuonekana mpaka baadaye. Padri alifagia mwenyewe, akawasha mishumaa mwenyewe, akaanzisha wimbo wa kuingia peke yake. Baada ya Misa kila mmoja alidhani mwenzake amepika. Padri akapanda boti bila kula, na hakulalamika.

Kesho yake nahodha, mzee wa Kiislamu tunayemheshimu, alituambia kwamba padri alikuwa na homa, na kwamba alitetemeka njia nzima. Yeye ndiye aliyemfunika na kumpa chai. Akatuuliza, "Wanangu, mgeni wenu mwamwacha hivi?" Hatukuwa na jibu. Tuliona haya, na haya ile ndiyo iliyoirudisha kwaya pamoja.

Ndugu wapendwa, siku ile tulijifunza kwamba kumheshimu padri si kumpigia vigelegele siku ya sherehe tu. Ni kumpunguzia mzigo siku za kawaida. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 222, inatukumbusha kuwa ni wajibu wa waamini kusaidia mahitaji ya Kanisa, pamoja na riziki ya wahudumu wake. Kwa hiyo nauli ya boti ni ya kwetu sote, si ya mfuko wa padri. Kufagia, kufungua kanisa na kupanga masomo ni kazi yetu. Chakula kina zamu yake. Na mgonjwa akizidiwa, tumpigie padri simu mapema, tusingoje usiku ambao hakuna boti.

Kumheshimu padri pia si kumfanya malaika. Ni binadamu, huchoka, hukasirika, hukosea. Akikosea, tumwendee kwa adabu tumwambie ana kwa ana, tusimseme barazani. Na akiwa mpweke, tusimwone tu kama mtu wa kutia sahihi barua za ubatizo. Tumuulize, "Baba, umelala vipi? Mama nyumbani hajambo?"

Mtakatifu Yohane Maria Vianney alipelekwa mwaka 1818 katika kijiji cha Ars, Ufaransa, chenye watu wapatao 230 tu. Alibaki huko mpaka alipokufa tarehe 4 Agosti 1859, na mwaka 1929 akafanywa msimamizi wa maparoko wote. Basi udogo wa kigango si sababu ya kumpa padri huduma ndogo. Wachache tukishikana tunatosha. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Baba Paroko, zawadi ya kwaya leo ni ndogo: koti la mvua la boti, na daftari lenye zamu za mwaka mzima, za ufunguo, chakula na nauli, kila zamu na jina lake. Jina likikosa kutimiza, tuulize sisi wanakwaya wote.

Kwa nahodha wetu, na kwa majirani wote wa Ndau mliompokea padri wetu hata pale tulipomsahau sisi, Mungu awalipe mema.

Tuwaombee mapadri wetu walio hai, na waliotangulia mbele ya haki. Na boti ikionekana Jumapili, itukute ufukweni tukiimba.

Tumsifu Yesu Kristo. Milele na milele, amina.