Blogu Zimeondoa Mlango, Hazikuondoa Wajibu



Zamani mtu aliyetaka maneno yake yasomwe na watu asiowajua alikuwa na mlango mmoja tu wa kupitia, nao ulikuwa na mlinzi. Mlango huo ni gazeti, na mlinzi wake ni mhariri. Barua ya mwalimu wa Kigoma ilisafiri kwa gari moshi, ikafika mezani pa mhariri mjini Dar es Salaam, ikasomwa, ikapunguzwa, ikasahihishwa, na pengine ikatupwa kapuni. Leo mwalimu huyo huyo, akiwa na simu ya mkononi, anaweza kuandika saa mbili za usiku na kusomwa dakika ile ile Tunduru, Muscat na London. Hapana mtu anayemwuliza amepata wapi habari hizo. Hayo ndiyo mageuzi yaliyoletwa na blogu, yaani ukurasa wa mtu binafsi katika intaneti, ambao mwenyewe huuandika, huuhariri na huutangaza bila ya kupitia kwa mwingine.

Swali linalostahili kufikiriwa ni moja. Mlinzi ameondoka mlangoni. Je, kazi aliyokuwa akiifanya imekwisha?

Kabla ya kulijibu, yafaa ikumbukwe kwamba mtu mmoja kuwa na chombo chake mwenyewe si jambo geni katika nchi hii. Mwaka 1937 Erica Fiah, mwenye duka mjini Dar es Salaam aliyetoka Uganda, alianzisha gazeti lake la Kwetu. Wakati huo gazeti kubwa la Kiswahili lilikuwa Mambo Leo, lililokuwa likitolewa na serikali ya kikoloni tangu mwaka 1923. Fiah hakuwa na utajiri wa kampuni. Alikuwa na jambo la kusema, akalisema. Baada ya miaka ishirini hivi Mwalimu Julius Nyerere alikuwa akiandika Sauti ya TANU, karatasi chache zilizopigwa taipu na kudurufiwa, zikapita mkono kwa mkono. Mwaka 1958 makala moja katika karatasi hizo iliwalaumu maofisa wa wilaya wa Kiingereza. Mwalimu akashtakiwa kwa kashfa, akatiwa hatiani, akatozwa faini ya shilingi 3,000 au kifungo cha miezi 6. Faini ililipwa. Lililo muhimu katika kisa hicho ni kwamba hakukana kuwa maneno yale ni yake. Jina lake lilikuwa juu ya kazi yake, naye akasimama mbele ya mahakama pamoja na jina hilo.

Kwa hiyo uhuru wa mtu mmoja kuandika na kutangaza una asili ndefu. Kilichokuwa kigeni katika blogu ni urahisi wake. Fiah alihitaji fedha za karatasi na mchapaji. Sauti ya TANU ilihitaji stensili, wino na watu wa kuisambaza. Gharama hizo zilimlazimisha mwandishi afikiri mara mbili. Mwaka 1999 ulipoanzishwa mtambo wa Blogger huko Marekani, mtu aliweza kuanzisha ukurasa wake kwa dakika chache na bila malipo. Miaka michache baadaye wino huo mpya ukafika katika Kiswahili. Ndesanjo Macha, Mtanzania aliyekuwa akiishi Marekani, alikuwa miongoni mwa waanzilishi kwa blogu yake ya Jikomboe. Mwaka 2005 Muhidin Issa Michuzi, mpiga picha wa gazeti la Daily News, alianzisha blogu yake, na Watanzania walioko ng'ambo wakapata mahali pa kuona sura za nyumbani: harusi, misiba, mikutano na mitaa waliyokulia.

Manufaa ya jambo hili hayana ubishi. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 nchini Kenya, machafuko yalipozuka, serikali ilipiga marufuku matangazo ya habari ya moja kwa moja. Wakati redio na televisheni zikiwa zimefungwa midomo kwa namna hiyo, Ory Okolloh, mwanasheria aliyekuwa na blogu, aliendelea kuandika na kupokea habari kutoka kwa wasomaji wake. Mapema Januari 2008 aliomba msaada wa mafundi wa kompyuta ili habari za ghasia ziweze kuonyeshwa katika ramani. Ndipo ukazaliwa mtambo uliopewa jina la Kiswahili, Ushahidi, ambao baadaye ulitumiwa katika nchi nyingi, ikiwamo Haiti baada ya tetemeko la ardhi la mwaka 2010.

Lakini jina hilo lina mzigo. Neno la kila mtu haliwi ushahidi kwa sababu limesemwa. Huwa ushahidi linapopimwa: nani aliona, aliona akiwa wapi, na nani mwingine anathibitisha? Waliouendesha mtambo ule nao iliwapasa kuzikagua habari walizoletewa. Hapo ndipo jibu la swali la mwanzo linapopatikana. Kazi ya mhariri haikufa. Imehamia kwa mwandishi mwenyewe, na wengi walioipokea hawajui kwamba wameipokea.

Katika chumba cha habari kilicho na utaratibu, habari ya mhasibu anayedaiwa kuiba fedha za shule hupita mikononi mwa watu kadhaa. Mmoja huuliza kama mhasibu mwenyewe ametafutwa ajibu. Mwingine huhakikisha tarakimu. Wa tatu hutazama sheria. Mwenye blogu yuko peke yake, na usiku umekuwa mwingi, na anajua kwamba akichelewa mwenzake atamtangulia. Akikosea, kosa lake hunakiliwa na kubandikwa katika kurasa nyingine kumi kabla ya jua kuchomoza. Hata akilifuta kwake, kumi zile zabaki. Mhasibu asiye na hatia atakwenda sokoni na jina lililochafuka, na watoto wake watachekwa darasani. Maji yakimwagika hayazoleki.

Aidha, kuna suala la riziki. Kwa muda mrefu gazeti lilikuwa chuo na mwajiri wa waandishi. Shaaban Robert, aliyekuwa karani wa forodha katika serikali ya kikoloni, alichapisha mashairi katika Mambo Leo na kujulikana kwa wasomaji ambao asingewafikia kwa njia nyingine. Kijana aliyeanza kwa kuandika barua kwa mhariri aliweza kupanda akawa mwakilishi wa mkoa, kisha mwandishi wa makala, kisha mhariri, naye akilipwa mshahara na kurekebishwa na waliomtangulia.

Ngazi hiyo sasa imelegea. Huko Marekani watu walioajiriwa katika vyumba vya habari vya magazeti walipungua kutoka wapatao 71,000 mwaka 2008 hadi wapatao 31,000 mwaka 2020. Blogu peke yake haikuyafanya hayo. Sababu kubwa ni kwamba matangazo ya biashara, yaliyokuwa yakiwalisha waandishi, yalihamia katika intaneti, na sehemu kubwa ya fedha zake ikaingia katika mifuko ya makampuni machache yenye mitambo ya kutafutia habari na kukutanishia watu. Tangu mwaka 2003 mwenye blogu naye ameweza kupokea matangazo kupitia Google, akapata fungu lake kwa kadiri ya wasomaji wanaoyaona au kuyabonyeza. Wapo wanaoishi kwa kazi hiyo, na ni haki yao. Lakini malipo ya namna hiyo hayaulizi kama habari ni ya kweli. Yanauliza ni wangapi waliofungua ukurasa. Makala iliyochukua wiki mbili kuhusu bei ya korosho inaweza kuleta senti, na uvumi ulioandikwa kwa dakika tano kuhusu ndoa ya mwimbaji ukaleta fedha. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji.

Hata wenye blogu wenyewe wamekwisha kuonja machungu hayo. Picha waliyoipiga kwa nauli yao huchukuliwa na wengine bila ya kutajwa jina, ingawa Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki tangu mwaka 1999. Wasomaji wao nao wengi wamehamia katika video na ujumbe wa simu, ambako maneno huenda kasi zaidi na mwenye kuyaandika huonekana kidogo zaidi.

Serikali nazo zimejaribu kuweka mlinzi mpya. Nchini Tanzania kanuni za mwaka 2018 ziliwataka watoaji wa habari mtandaoni, pamoja na wenye blogu, walipe shilingi 100,000 za maombi, shilingi 1,000,000 za leseni na shilingi 1,000,000 za kila mwaka. Baadhi yao walisimamisha kazi. Kanuni nyingine zilitolewa mwaka 2020, nazo zikarekebishwa mwaka 2022. Sheria dhidi ya uzushi na kashfa inahitajika. Lakini ada inayozidi mshahara wa mwezi wa mwalimu anayeanza kazi haiwezi kumtenga mwongo na mkweli. Inaweza tu kumtenga mwenye fedha na asiye nazo. Ukweli hulindwa kwa ujuzi na kwa uwazi, na hapo ndipo walimu na watumishi wa umma wanapohusika.

Mwalimu anapofundisha insha, kwa kawaida hutazama mwanzo mzuri, tahajia na mwandiko. Hayo yaendelee. Lakini mwanafunzi wa leo atachapisha maneno yake kabla hajamaliza kidato cha nne. Inafaa basi azoee kuulizwa darasani: "Jambo hili umelijuaje? Uliyemtaja vibaya umempa nafasi ya kujibu? Sentensi hii ni yako au ya mtu mwingine?" Zoezi halihitaji kompyuta. Latosha daftari, na tukio lililotokea sokoni, na wanafunzi watatu walioliona kwa namna tatu.

Mtumishi wa umma naye anayo sehemu yake. Uvumi hustawi mahali ambapo ofisi imenyamaza. Wananchi wakiuliza fedha za kisima zimekwenda wapi, na faili likabaki limefungwa kabatini, mtu atalijaza pengo hilo kwa dhana na kuitangaza. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inamtaka mtumishi amjibu mwombaji ndani ya siku 30. Ofisi inayobandika hesabu zake ukutani, ikajibu barua kwa wakati na kukiri kosa ilipokosea, humsaidia mwandishi mkweli na humnyima mzushi chakula chake.

Na yeyote kati yao anayeandika, iwe kwa jina lake au kwa jina la kupanga, amekuwa mhariri hata kama hakuajiriwa. Asiandike usiku jambo ambalo hangeweza kulisema mchana mbele ya aliyetajwa. Akikosea, aandike masahihisho mahali pale pale alipoandika kosa, kwa herufi zile zile. Wazee walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Kidole cha siku hizi ndicho kinachobonyeza, nacho kikijikwaa huwa ulimi umejikwaa pamoja nacho.