Miguu yenye haisikii: sukari, vitamini na namba zenye tulileta kutoka Zambia

Mazungumuzo ya muuguzi wa chama mbele ya wanamemba, Lubumbashi



Waliniomba niseme juu ya sukari. Nitasema zaidi juu ya miguu, maana ni pale sukari inaharibu mutu bila yeye kujua. Munanikuta na maneno yale yale: "Munganga, miguu inakufa-kufa." "Usiku inachoma sawa pilipili." "Natembea sawa vile niko juu ya pamba." Wengine wanafikiri ni uzee, wengine wanafikiri jirani aliweka kitu mulangoni. Mara nyingi ni mishipa ya fahamu yenye imeumia. Sukari ikibaki juu miaka mingi, inaharibu ile mishipa na vile vijia vidogo vya damu vyenye vinailisha. Mishipa mirefu ndiyo inaumia kwanza, na mirefu kupita yote ni ile yenye inafika kwenye vidole vya miguu. Ni kwa sababu hiyo ganzi inaanza chini na kupanda kama soksi, miguu yote mbili. Kama ni muguu moja tu, ao inakuja kwa gafula, hiyo ni kitu ingine, uende lopitali siku ile ile.

Sasa namba. Hapa nitakawia kidogo, kwa sababu ni shida yetu sisi wenye tulirudia.

Kati ya 2007 na 2010 wengi wetu tulitoka Kala na Mwange, wengine kwa meli kutoka Mpulungu mpaka Moba, wengine kwa barabara mpaka Pweto, kisha maisha yakatufikisha huku. Kule Zambia sukari ya damu inahesabiwa kwa milimoli. Huku Kongo maabara inaandika miligramu kwa desilita, ao gramu kwa lita. Ni sukari ile ile, lakini namba haifanani. Mama mumoja wa chama alikuwa na mashini ya Zambia, ikaonyesha 14. Jirani yake amezoea kusikia 140, akasema: "Yako imeshuka sana, kunywa chai ya sukari mbio!" Lakini 14 ya Zambia ni 252 ya huku. Alikuwa juu, na wakamupandisha tena.

Hesabu yenyewe si nguvu: namba ya Zambia, upige mara 18. 7 inakuwa 126, na maabara yenye inaandika gramu itaweka 1,26. 9 inakuwa 162. 10 inakuwa 180. Ukipenda, andika hesabu hiyo nyuma ya kartoni yako ya lopitali. Kwa watu wazima wengi tunatafuta hivi: asubuhi mbele ya kula, kati ya 80 na 130, saa mbili kisha kula, chini ya 180. Chini ya 70 ni hatari ya palepale, ile 3,9 ya kule: kunywa maji ya sukari ao soda, ngojea dakika 15, pima tena. Kwa muzee sana ao mutu wa moyo, munganga anaweza kumuwekea namba ya juu kidogo. Mumufwate yeye.

Tena, musishushe kwa haraka. Mutu mwenye sukari yake ilikaa juu sana miaka, akiishusha yote katika wiki chache, miguu inaweza kuanza kuchoma kupita mbele. Anasema dawa imemuharibu, anaitupa. Hapana. Maumivu yale mara nyingi yanapunguka kisha miezi. Muzuri ni kushuka pole pole, pamoja na munganga.

Juu ya chakula nitapita mbio, munajua. Bukari ya mahindi, bukari ya mihogo, yote inakuwa sukari ndani ya tumbo. Hakuna moja ya kujificha nyuma yake. Punguza donge, ongeza lengalenga, maharagi, samaki. (Wale wenye wanauliza kama hii ni konzo: hapana. Konzo, yenye ilijulikana katika maandiko tangu 1938 huko Kwango, inakuja kwa gafula na inakaza miguu, na inatokana na mihogo ya uchungu yenye haikuloweshwa muzuri.)

Uchunguzi wa Marekani wenye ulitangazwa 1993 ulionyesha kwamba kwa wale wa insulini, wenye sukari ya aina ya kwanza, kuichunga sana kunapunguza ugonjwa huu wa mishipa kwa karibu 60 kwa mia. Kwa aina ya pili, yenye wengi wetu tuko nayo, faida kwa mishipa iko lakini ni ndogo zaidi. Kwa hiyo mutu akichunga sukari na miguu ingali inakufa, tusiseme tu "ni sukari". Tutafute kitu ingine.

Ya kwanza ni vitamini B12. Metiformini, dawa yenye karibu wote munakunywa, inaweza kuzuia B12 kuingia muzuri mwilini, zaidi kwa mwenye anakunywa nyingi na kwa miaka mingi. Ganzi ya kukosa B12 inafanana kabisa na ganzi ya sukari. Ikijulikana mapema inatibika, kwa sindano ao vidonge vya nguvu. Ikikawia, kuna yenye hairudi. Musiache metiformini! Muombe damu ipimwe. B12 inatoka kwa nyama, maini, mayai, maziwa, samaki, hata kapenta. Sombe ni chakula kizuri lakini haina. Na mwenye ameambiwa hana damu, akapewa asidi foliki peke yake, aulize juu ya B12 pia, maana foliki inaweza kurudisha damu huku mishipa inaendelea kuharibika.

Ya pili ni B1. Hapa nasema na batata: lutuku inaimaliza. Mutu wa lutuku mwenye hakuli anaweza kupata ganzi hii bila kuwa na sukari.

Ya tatu ni B6, na inakata pande mbili. Dawa ya kifua kikuu, izoniazidi, inaipunguza, kwa hiyo mwenye anatibiwa kifua kikuu na ana sukari anapaswa kupewa B6 kidogo pamoja nayo. Lakini ikizidi kwa muda murefu, ile B6 yenyewe inaharibu mishipa. Mwaka 2023 wachunguzi wa chakula wa Ulaya waliweka kipimo cha juu kwa mutu muzima miligramu 12 kwa siku. Vidonge vingine vyenye vinauzwa sokoni vya B1, B6 na B12 pamoja viko na 100 ao 200 ndani ya kidonge kimoja! Mutu anakunywa vitatu kwa siku, mwaka muzima, kwa sababu miguu inauma.

Marafiki wetu wa mbali, hapa nasema nanyi kwa heshima. Makatoni ya vitamini tunashukuru, lakini hatutayagawa tena bila kupima. Na mashini za kupima zenye munatuma ni za namna nyingi. Kila moja inataka karatasi zake, na karatasi zikiisha mashini inakuwa muchezo wa watoto. Mutuchagulie namna moja tu, yenye karatasi zake zinapatikana hapa mujini, na feza yenye inabaki ilipe vipimo vya B12 kwa wale wenye miguu imekwisha kufa ganzi.

Baridi ya mwezi wa sita na wa saba inakuja. Musiote miguu kwenye mbabula, wala kuiweka ndani ya maji ya moto bila mutu mwingine kuyapima kwa mukono. Ngozi yenye haisikii inaungua, na mwenyewe anaona asubuhi. Kila usiku angalieni nyayo, na katikati ya vidole. Mwenye hawezi kuinama, mutoto amuangalilie. Viatu, mutikise mbele ya kuvaa.

Sasa mutoe viatu, mukae wawili wawili. Mumoja afunge macho. Mwingine amuguse kidogo sana, bila kukandamiza, kwa ncha ya kidole cha mukono, sekunde moja ao mbili: dole kubwa, la katikati na lile dogo kabisa, miguu yote mbili. Ni mara sita. Mwenye atakosa kusikia mara mbili ao zaidi aje hapa mezani, niandike jina lake.